Keram ya Mama Mkwe Katika Chumba cha Eda

Admin, jina langu nifichie, maana hapa Kuze nilikoolewa mtu akipiga chafya mtaa mzima wanajua. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa, sijajaaliwa mtoto bado. Naishi na mume wangu chini, mama mkwe yuko juu. Baba mkwe alifariki miezi miwili iliyopita na mama yuko edani: hatoki, hajipambi, hapokei wanaume wasio maharimu wake, mpaka muda wake uishe.

Wiki za mwanzo mama alikuwa hali chakula. Nampelekea uji, nikirudi naukuta vilevile. Siku moja akaniambia kitu kilichonishangaza: miaka yote marehemu akicheza keram barazani na wenzake, ule mchezo wa kupiga kete ubaoni kwa kidole, yeye alikuwa akiwatazama dirishani, na hajawahi hata mara moja kugusa kete. Nikafungua kompyuta yangu, nikamtafutia keram ya mtandaoni. Wallahi, siku ile mama alikula! Akawa bingwa. Akimfunga mtu asiyemjua anacheka mpaka anajifunika uso kwa mtandio. Akaniapisha, "Wanangu wasijue. Watasema sina huzuni na baba yao."

Wiki iliyopita mchezo ukagoma. Ubao mweusi, na maandishi kwamba kivinjari hakiwezi kuonyesha michoro yake. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha kivinjari, wapi! Mama akaanza tena kuacha chakula. Nikampigia fundi mmoja wa kompyuta wa Ndia Kuu. Kumleta nyumbani haiwezekani, mwanamume wa kando hapandi chumba cha eda, basi akanielekeza kwa simu. Niliiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yangu yote ilikuwa kwenye kompyuta.

"Ingia kwenye mipangilio, tafuta pa kuharakisha michoro. Pamezimwa?"

Pamezimwa kweli, na aliyezima ni mimi mwenyewe, siku kioo kilipokuwa kikimetameta.

"Washa, funga kivinjari, kisha ukifungue tena. Nimekutumia ukurasa wa majaribio. Waona kiboksi chazunguka?"

Kikazunguka! Mama akapiga makofi bila sauti.

Hapo ndipo tukasikia wifi yangu mkubwa anapanda ngazi. Mama aliruka kwenye mswala kama msichana, akashika tasbihi, akafumba macho. Nikabaki mimi, kompyuta, na sauti ya mwanamume imejaa chumba kizima.

"Yarabi! Mamangu yuko edani, wewe wamletea sauti za wanaume humu ndani?"

Nikasema ni fundi. Jioni mume wangu, alipoambiwa na dadake, akampigia fundi kuhakikisha, na yule maskini kwa ukweli wake akajibu kwamba alikuwa akinitengenezea mchezo wa keram. Afadhali angesema mimi ni hawara yake.

"Babangu kaburi lake halijakauka, wewe wacheza keram mbele ya mamangu?" Mume wangu hajawahi kunipandishia sauti namna ile. Tukapanda juu sote. Akamuuliza mama kama ni kweli nilikuwa nikicheza mle chumbani. Nikamtazama mama, nikajua sasa ataniokoa.

Mama akasema, "Mimi nilikuwa naswali, mwanangu."

Jamani, niliumia. Sikuweza hata kulia. Mume wangu ameniambia nirudi kwetu Kisauni mpaka eda iishe, halafu wakae kama familia waamue iwapo nafaa kuwa mke wa nyumba ile. Nikisema ukweli, wifi zangu watamla mama mzima mzima, na habari itafika kwa wanawake wote wa mtaa anaowasomesha dini. Na nani ataniamini? Wataona namsingizia mjane ili nijinusuru.

Nampenda mama huyu kuliko mnavyodhani, na nina hasira naye. Leo ameniita peke yangu, akanishika mikono, akalia. "Nisitiri, mwanangu. Wallahi hawatanisamehe." Nikamwambia nitamsitiri, sijui hata ulimi wangu ulitoa wapi maneno hayo. Nilipofika mlangoni akaniita tena, kwa sauti ndogo.

"Ile kompyuta, wenda nayo?"

Kesho asubuhi kakangu anakuja kunichukua. Nimvunjie mama heshima yake, au ninyamaze nivunjikiwe na ndoa? Ndugu zangu, nambieni kabla hajafika.