Kitambaa Ndani ya Mtutu

Mwaka wa 1998, mafuriko makubwa yalipokwisha kushuka, nilimpoteza baba. Mpaka leo, fundi cherehani akitia mashine yake mafuta pale Garsen, ile harufu hunichosha mwili mzima. Hutafuta mahali pa kukaa. Baba alisafishia bunduki mafuta hayo hayo.

Alikuwa askari wa akiba wa kijiji chetu, kando ya mto. Mshahara hakuwa nao. Alipewa bunduki tu, kuukuu, ya tangu wakoloni, awalinde watu na mashamba. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliketi mkekani, akapitisha kamba ndani ya mtutu, na ncha yake akanipa mimi. Nyuma ya kamba alikuwa amefunga kitambaa chenye mafuta. Kazi yangu ilikuwa kuvuta. Nilipoanza, kitambaa kilikwama kama ndama topeni, hadi niweke mguu ukutani.

"Vuta, mama!" baba alinichekesha. "Au leo hukunywa uji?"

Baadaye kikawa chepesi. Nikajua nimekua, nimepata nguvu. Siku moja nilikivuta kwa mkono mmoja, nikamtambia kaka yangu, lakini baba hakucheka. Alichukua risasi, akaiingiza kichwa chini kwenye mdomo wa mtutu. Ncha ikazama yote, mpaka ganda lake la shaba likaizuia.

"Hii si bunduki tena," akamwambia mama. "Ni bomba la maji."

"Si uirudishe?"

"Nimekwenda polisi mara mbili. Wanasema hakuna nyingine. Nikiiacha huko nitarudi na rungu."

Basi akatundika debe tupu mtini, akalipiga risasi ili aone. Tundu lake halikuwa la mviringo; lilikuwa refu, kama kokwa ya tende. Jilo, rafiki yake tuliyepakana naye shamba, alicheka mpaka akashika magoti.

"Bwana we, risasi yako imelala usingizi njiani! Imefika kwa ubavu!"

Watoto tukacheka. Baba naye alicheka kidogo, kwa adabu.

Maji yaliposhuka, wanyama waliandama kile kidogo kilichosalia mashambani. Asubuhi moja nyati aliingia kwenye migomba ya Jilo, na baba akaitwa. Akaenda, maana mwenye bunduki ni yeye. Jilo alitusimulia kwamba baba alimpiga kwa karibu, na hakumkosa. Nyati alitikisika tu, kama aliyetupiwa jiwe, halafu akageuka. Walimleta baba nyumbani juu ya mlango walioung'oa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa, na mwanajeshi mstaafu anayenunua ndizi kwangu sokoni. Ndani ya mtutu kuna mifuo, vijifereji vilivyojisokota kama kamba. Risasi inatakiwa ipite kwa kubanwa, mifuo iishike, iizungushe, itoke imenyooka. Mtutu ukilika, tundu likapanuka, moto wa baruti unavuja pembeni na risasi inatoka legevu, inayumba, inapinduka angani. Ikifika haina nguvu ya kuzama. Aliyasema hayo huku akichagua ndizi. Nilimfungia mzigo wake, nikakaa.

Kwa hiyo ile nguvu haikuwa yangu. Ni tundu lililokuwa likipanuka. Baba alilijua, akaniacha nijisifu.

Matanga yalipoanuliwa, polisi walikuja kuichukua bunduki. Hawakwenda nayo mbali. Kijiji hakiwezi kukaa bila ulinzi, walisema, wakampa Jilo. Jioni ile ile alipita nayo begani mbele ya nyumba yetu. Mama alikuwa edani, hatoki. Akamwita kutoka dirishani.

"Shemeji, hiyo usiitegemee. Mnyama akija, panda mti."

"Najua, shemeji," Jilo akasema. "Nilikuwepo."

Akaiweka sawa begani, akashika njia ya shambani.