Msiba wa Mwanaidi wa Tanga

Jamani, hili jambo watu wa kwetu wanalijua wote, kwa hiyo siwezi kusema ni siri, ila mimi mwenyewe sijawahi kulisimulia kwa mdomo wangu, na kila likisimuliwa nikiwapo huwa naangalia viatu. Leo nalisema ili angalau lisemwe sawasawa, maana wengine wanaongeza kwamba nilizimia. Sikuzimia. Nililia tu, na kwa hali ilivyokuwa nadhani nililia kwa kiasi.

Nilikuwa karani wa mizani. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha kupimia majani mabichi ya chai, si mbali na Tukuyu, wakulima wanaleta vikapu, napima, naandika, lori linakuja linabeba, basi. Kati ya kupima na lori kulikuwa na saa nyingi za bure, na ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, sabuni tuliyokuwa tumeisahau hata harufu ikarudi madukani, sokoni yakaanza kushuka marobota ya mitumba, na pembeni ya mitumba akatokea jamaa mmoja anatandaza vitabu vilivyotumika juu ya turubai, ukimrudishia kimoja anakupa kingine. Hapo ndipo nilipoharibikia.

Nilisoma kila alichonipa. Kwanza kilikuja cha upelelezi, ambamo mpelelezi alipigwa risasi ya bega asubuhi na jioni yake akacheza dansi na mke wa mtuhumiwa, nami nilimpenda sana yule bwana ila nilijiuliza mpaka mwisho lile shati lilifuliwa saa ngapi. Kikaja cha mfalme mmoja wa zamani, kizuri mno, kurasa za mwisho zimechanika, na mpaka leo sijui kama ule mji aliuteka au alighairi akarudi nyumbani. Kikaja cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na hapa naomba msinicheke, ile sura ya ndama kuharisha ilinigusa kuliko riwaya nyingi (nilinunua ng'ombe kwa sababu ya kitabu hicho). Kikaja kijitabu cha wokovu, nikakisoma mara mbili, ya kwanza kwa woga na ya pili kutafuta mwandishi amekosea wapi. Vyote nilivifunika kwa gazeti, kwa sababu karani wa mizani anatakiwa aogopwe kidogo, akionekana anasoma mambo ya mapenzi watu wataanza kumbishia kilo.

Halafu nikapewa cha Mwanaidi.

Mwanaidi, humo kitabuni, alikuwa muuguzi wa Tanga, alipendana na fundi wa reli, shangazi mtu akakataa, fundi akahamishiwa mbali, barua zikawa zinapotea, Mwanaidi akaanza kukohoa. Nilikaa naye wiki mbili. Nilikuwa nasoma polepole makusudi, kurasa chache kwa siku, kwa sababu nilishaona kwamba mwandishi ana nia mbaya naye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Lori lilishaondoka, wakulima walishaondoka, mvua yetu ile isiyo na haraka ilikuwa inanyesha, Atupele mke wangu alikuwa Kisiba kwa mama yake tangu Alhamisi, nami nikasema ngoja nimalize sura moja. Uamuzi mdogo tu. Ningekwenda kukata majani ya ng'ombe ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Katika sura hiyo Mwanaidi akafa, na alikufa wakati fundi wa reli amebakiza kituo kimoja kufika Tanga, kitenge cha harusi kiko mapajani mwake, nami nikaweka kitabu chini ya mizani nikalia kilio cha kutikisa mabega.

Aliyeingia ni Mama Subilaga, jirani yangu, mama wa umri wa mama yangu mzazi, shamba lake la chai linapakana na kibanda. Alikuja kujikinga mvua na kikapu kitupu kichwani. Akasimama mlangoni.

"Kalani!" (Mama zetu wananiita hivyo.) "Kuna nini?"

Ningeweza kusema ni kitabu. Nikawaza kilo. Nikasema, "Mwanaidi amekufa." Na naomba izingatiwe kwamba sikusema uongo.

"Mwanaidi gani?"

"Wa Tanga."

"Ni nani kwako, mwanangu?"

"Ni mtu wangu wa karibu, mama." Alikuwa chini ya mizani, hatua moja tu.

Mama Subilaga akatupa kikapu, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe ambalo nadhani hata watu wa Ikuti walilisikia. Sasa, kwetu mtu hafiwi peke yake. Ukisikia yowe unaacha jembe palepale unakwenda, jina la marehemu utaliuliza ukishafika. Nikakiingiza kitabu ndani ya koti, nikafunga kibanda, nikapanda kilima kwenda nyumbani huku najipangia jinsi ya kulirekebisha jambo hili taratibu, na nilipofika nikakuta wanawake wameshajaa kwenye mikeka, kanga viunoni, wanalia, mikungu ya ndizi imeshushwa mlangoni, kuni zimeshushwa, na wanaume wamekoka moto migombani.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Asajile, mtu mtulivu anayependa mambo yaende kwa utaratibu, alikuwa ameshashika usukani. Alinishika mkono muda mrefu.

"Pole fijo, Karani. Pole sana. Marehemu yuko mbali, hatutamfikia, basi tutamlilia hapahapa. Ng'ombe wako amefungwa upande gani?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

Nikamwambia ng'ombe ana mimba. Akasema tutaona.

Hapo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nilitazama jikoni nikamwona Mama Subilaga ameinama anamenya ndizi mbichi za msiba wangu, na nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa sitaki kulikumbuka. Miezi mitatu kabla, mama huyu alifiwa na kaka yake, Anyisile, akazikwa ng'ambo ya bonde, na kijiji kizima kilikwenda kasoro mimi. Nilituma ujumbe kwamba nina homa. Sikuwa na homa, nilikuwa nimebakiza kurasa arobaini za yule mpelelezi. Na kwetu mtu asiyekwenda kuzika anahesabiwa, hata kama hakuna anayemwambia. Nilipomwona pale na moshi machoni nilisikia aibu, siyo hii ya kuchekwa ambayo nimeizoea, ile nyingine ya mtu mwenye deni, na mdomo nikaufunga.

Halafu akaja Atupele.

Njiani walikuwa wamemwambia mumeo amefiwa, kwa hiyo alianza kulia tangu kwenye kona, furushi kichwani, akaingia uani analia, akazunguka nyumba mara moja, akakumbatiana na wanawake wawili, na katikati ya kilio ndipo akauliza, "Amekufa nani?"

"Mwanaidi," wakamwambia.

"Mwanaidi nani?"

Wote wakanigeukia. Atupele akanyamaza kama redio iliyotolewa betri. Furushi hakulitua. Mwanamke akirudi kwake asitue mzigo, maana yake bado hajaamua kama amefika, na mimi nililitazama lile furushi nikajua kwamba jambo hili sasa si la ng'ombe wala la kilo tena, ni la nyumba yangu.

"Baba Lusajo," akasema, taratibu, "huyu ni nani?"

Mzee Asajile akadhani ananisaidia. "Mama Lusajo, usiwe na haraka, ndiyo kwanza tunataka kusikia historia fupi ya marehemu. Karani, wewe ndiye unayemfahamu. Simama."

Nikasimama. Nikasema marehemu alizaliwa Tanga, akalelewa na shangazi, akasomea uuguzi. Watu wakaguna kwa huruma, mambo yakawa yanakwenda vizuri. Ningeishia hapo. Lakini Mzee Asajile akauliza alikuwa mtu wa namna gani, na hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu nilimfahamu vizuri, nilimfahamu kuliko ninavyowafahamu shemeji zangu, nikasema alikuwa mcheshi, anaogopa radi, barua zake anazificha chini ya godoro, usingizi ukianza kumchukua anasokota nywele kwa kidole, na ana kidoti cheusi chini ya bega la kushoto. Miguno ikakatika.

"Hicho kidoti," akasema Atupele, "ulikionaje?"

"Kinajulikana," nikasema.

Mzee Asajile akakohoa. "Ulifahamiana naye lini, Karani?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Tanga ulikwenda lini?"

"Sijawahi kufika Tanga."

"Kwa hiyo alikuwa anakuja yeye."

Wanaume wote wakaanza kukagua migomba yangu. Atupele akaweka furushi sawa kichwani. "Nikitembea haraka nitafika Kisiba kabla ya giza," akawaambia wale wanawake, siyo mimi, akageuka. Mbele yangu kukawa na vitu viwili tu, heshima ya karani na mgongo wa Atupele, na mgongo ulikuwa unaondoka.

"Ni kitabu!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyeelewa. Nikakitoa ndani ya koti, kwapani, ambako marehemu alikuwa amekaa muda wote wa msiba wake, nikachana gazeti mbele ya watu, na jalada likaonekana, muuguzi na treni. Nikasema kila kitu. Nikasema Mwanaidi ni wa kutungwa, na mimi nilikuwa namlilia kweli, na niliona haya kusema. Atupele alirudi hatua kwa hatua, akakichukua kitabu, furushi bado kichwani, akafungua akawa anapitisha kidole kwenye mistari kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya darasa la saba. Nikamwambia ukurasa. Alipokipata kile kidoti alikisoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu akakisoma tena kimoyomoyo, halafu akalitua furushi.

Mzee Asajile alitaka utaratibu. "Kwa hiyo maiti hakuna?"

"Hakuna, mzee."

"Na mtu mwenyewe?"

"Hakuna."

"Hata huko Tanga?"

"Tanga ipo," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, na kicheko kilikuja, kimekuja miaka yote hii, ila siku ile hakikuja. Mama Subilaga alitoka jikoni na kisu, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi. Alikitazama kitabu mkononi mwa mke wangu, akanitazama mimi.

"Kalani," akasema. "Kaka yangu Anyisile alikuwa mtu. Hukuja."

Akarudi jikoni, kwa sababu ndizi zilishamenywa na haziwezi kurudishwa kwenye maganda, zikapikwa, watu wakala, wakaondoka wakiniambia pole kwa mazoea. Ng'ombe alipona. Mimi sikula.

Kesho yake tukitoka kanisani mimi na Atupele tulikwenda kwa Mama Subilaga na mkungu. Nilimwambia sikuwa na homa siku ile ya kaka yake, nilikuwa nasoma.

"Huyuhuyu mwanamke?"

"Hapana, mama. Yule alikuwa mpelelezi."

"Naye alikufa?"

"Alipona."

Akafikiri kidogo. "Afadhali," akasema, akasogeza kigoda nikae. Nikamwomba anieleze Anyisile alikuwa mtu wa namna gani, naye akanieleza, jinsi alivyochimba makaa ya mawe Kiwira akiwa kijana, jinsi alivyomvusha dada yake mtoni mgongoni mwaka wa mafuriko akamcheka kwa uzito, jinsi alivyokuwa hawezi kula chakula mpaka kila mtu apate. Nilisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza kitakachofuata. Nililia, na safari hii Atupele hakuniuliza nalia nini.

Tangu hapo sijakosa maziko, niwe namfahamu marehemu au simfahamu, na kabla ya kutoka Atupele hunipapasa koti kwanza. Vitabu sijaacha, siwezi kuwadanganya. Lakini sura za mwisho sizisomei kibandani tena, nimeapa, maana Mama Subilaga bado analeta chai yake kwenye mizani yangu, na kila akiniona na kitabu husimama mlangoni kabla ya kutua kikapu, ananiuliza, "Kalani, humo wote wazima?"

Nami humjibu wote wazima, mama, hata kama ukurasa uliopita nimezika wawili.