Kifuniko cha Mkanda

Wajukuu zangu wakianza kubishana kuhusu mtungi wa gesi wa jikoni, mimi huinuka nikaenda zangu uani. Mmoja husema gesi ni bomu, bora turudi kwenye mkaa. Mwingine humwita mshamba, humuuliza mbona mji mzima unapikia gesi na watu hawajafa. Wanaweza kuendelea hivyo mpaka chai ipoe, na hakuna hata mmoja anayeinama kuangalia kama ule mpira wa gesi umechakaa. Nawajua sana watu wa namna hiyo. Nilikuwa mmoja wao, tena hodari kuliko wote, na ulimi wangu ulimpotezea mtu mkono.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye mashamba yetu yaliyotawanyika porini, tukapangwa kwa mistari karibu na reli, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Tura. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikapata mafunzo ya wiki chache mjini Tabora, nikarudi nikiwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Vilevile nilikuwa katibu wa vikao vya kijiji, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja na sikuwa na shaka na jambo lolote duniani.

Aliyenilea ni shangazi, dada wa baba yangu, baada ya mama kufariki. Alikuwa mfinyanzi. Katika ukoo wetu wanaume walijisifu kwa mabega, maana babu zao walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, lakini tuliokula na kuvaa tulikula na kuvaa kwa vidole vya shangazi. Vyungu vyake viliuzwa stesheni, vikapitishwa madirishani kwa abiria wa Kigoma na Dodoma. Alikuwa akigonga chungu kwa kidole cha kati, akainamisha sikio, akajua kama kitavumilia moto. Mimi nilisomeshwa na kidole hicho.

Mashine ya kusaga ilipoletwa kijijini tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Ilikuwa injini ya dizeli upande mmoja wa banda, kinu upande wa pili, na katikati mkanda mrefu uliotoka kwenye gurudumu la injini kwenda kwenye gurudumu la kinu. Mkanda ule ulikuja na kifuniko chake cha bati nene, kirefu kama mlango, kilichofungwa kwa nati nne. Lakini mkanda ulikuwa na tabia ya kuchomoka, na kila ukichomoka fundi mashine alilazimika kufungua nati nne na kuzifunga tena. Mwezi wa pili akachoka. Akakivua kifuniko, akakiegemeza nje ya banda, kuku wakaanza kulala juu yake.

Mimi ndiye niliyekichukua. Darasa langu halikuwa na ubao. Nilikuwa nikifundisha kwa kuandika ardhini kwa kijiti, upepo ukija unafuta silabi. Nikaponda makaa ya betri kuukuu za redio, nikayachanganya na majani ya viazi, nikakipaka kifuniko kile mpaka kikawa cheusi tii, nikakipigilia ukutani. Shangazi alikuwa mwanafunzi wa kwanza kukaa mbele yake. Alitaka kujua kusoma, alisema, ili siku moja asome mwenyewe barua badala ya kusomewa na watu wanaoruka mistari.

Basi kijiji kikagawanyika kuhusu mashine. Kundi moja lilisema mashine inataka damu. Walikuwa wamesikia habari za mumiani tangu utotoni na waliona dizeli haiwezi peke yake kuzungusha jiwe zito vile. Wakachinja kuku mweusi, wakamwaga damu kwenye msingi wa banda, wakaridhika kabisa. Tangu siku hiyo waliwaacha watoto wao wacheze chini ya mkanda, maana mashine ilikwisha kula.

Kundi la pili lilikuwa letu, sisi wenye kalamu mfukoni. Tulisema mashine ni maendeleo, haina pepo wala njaa, na anayeiogopa anaturudisha nyuma. Ushahidi wetu ulikuwa mmoja tu: imefanya kazi miezi minane na haijamgusa mtu. Tuliwachukia wale wa kuku mweusi kiasi kwamba mtu yeyote aliyetamka neno hatari tulimwona ananuka damu ya kuku.

Kwenye kikao cha kijiji, shangazi alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama vikaoni. Akasema kwa utaratibu wake, "Mimi sina habari za damu. Nimeuangalia ule mkanda. Pale unapoingia kwenye gurudumu, nimetupia ganda la muhindi. Limekwenda. Nimetupia kamba. Imekwenda, nami nilikuwa nimeishika, nikaiachia upesi. Kitu kikiingia pale hakirudi. Naomba kile kifuniko kirudishwe."

Watu wakanigeukia, kwa sababu kila mtu alijua kifuniko kilikuwa wapi.

Ningeweza kusema, haya, kirudisheni, nitaandika tena ardhini. Lakini nilikuwa nimeahidiwa ugeni. Ofisa kutoka wilayani alikuwa anakuja kuangalia madarasa, na mimi nilitaka anikute na ubao. Nikasimama na daftari langu. Nikasema taifa linapigana na ujinga na ubao ni silaha. Nikasema bati jingine halipatikani, jambo ambalo sikuwahi kuliuliza. Kisha nikaona watu bado wanamtazama shangazi kwa heshima, nikakasirika, nikaongeza, "Na kama mkanda unamtisha shangazi, basi tumfunike yeye, mkanda tuuache ufanye kazi."

Walicheka hao! Makundi yote mawili yalicheka, kwa mara ya kwanza yakakubaliana. Mwenyekiti alifuta machozi kwa kofia. Shangazi akaketi. Kwenye kumbukumbu za kikao sikuandika alichosema. Niliandika tu kwamba mashine ilijadiliwa na wananchi wameridhika nayo. Toka siku hiyo watoto walipomwona na udongo wake kichwani walipiga kelele, "Mfunikeni! Mfunikeni!" Nami nilikuwa nikisikia kutoka darasani na sikutoka nje kuwakemea.

Yeye aliendelea kusaga kwa jiwe nyumbani. Hilo nalo liliniudhi. Shangazi yake mwalimu, anasaga kwa jiwe kama zamani za misafara! Siku mbili kabla ya ofisa kuja nilimpelekea mahindi, nikamwambia nataka unga wa mashine, mweupe, wa kumpikia mgeni. Akanitazama. "Wa jiwe hauliki?" Nikamwambia usiniaibishe. Akajitwisha kikapu, akaenda.

Ilikuwa saa nne asubuhi na foleni ilikuwa ndefu. Banda lilikuwa jembamba, na mtu aliyetoka kuchukua unga alipita ubavuni mwa mkanda, hatua moja tu. Alijifunga khanga vizuri, walioshuhudia waliniambia, tena aliikaza mara mbili. Lakini mtu akiinama kunyanyua kikapu ncha ya khanga huning'inia, hakuna mwanamke asiyejua. Mkanda ukaishika ncha. Akaivuta kwa mkono wa kulia kama mtu yeyote anavyovuta nguo yake. Wanawake wakapiga kelele, injini ikapiga kelele zaidi. Fundi mashine alikuwa nje anaomba moto wa sigara.

Nilipofika nilimkuta amelazwa kwenye pumba. Nilifungua khanga yangu ya juu nikamfunika. Hapo nyuma yangu mtoto mmoja akacheka, akazabwa kofi na mama yake. Mkono sitaueleza. Tulimpeleka Tura kwa machela, akapakiwa kwenye treni ya mizigo mpaka Tabora, na huko hospitali ya Kitete walimkata kwenye kiwiko. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya, waliniambia, na niliwaamini kwa sababu nilikuwa nimeuona.

Ofisa alikuja kama alivyopanga. Alikula ugali wa unga tuliouazima. Aliketi darasani, akautazama ubao wangu, akaugonga kwa vidole. "Ubao imara huu. Mmeupata wapi?"

"Tumejitegemea, ndugu," nikamjibu. Akaandika neno hilo kwenye karatasi zake kwa furaha.

Kisha akaomba taarifa ya ajali. Niliiandika palepale, kwa mwandiko wangu mzuri, nimeupa ubao mgongo. Kama ningeandika kwamba mkanda haukuwa na kifuniko, angeuliza kifuniko kiko wapi, na alikuwa ametoka kukigonga kwa vidole vyake. Nikaandika kwamba ajali ilisababishwa na uzembe wa mtumiaji. Akasoma, akatikisa kichwa. "Ajali haina kinga," akasema. Mwenyekiti naye akasema ajali haina kinga. Nami nikasema hivyo hivyo. Kinga ilikuwa nyuma yetu, imeandikwa a, e, i, o, u.

Usidhani kwamba kijiji kilijifunza kitu. Wale wa kuku mweusi walisema tuliwaambia, mashine inakula, na imemla aliyeisema vibaya kikaoni. Sisi wa kalamu tulisema bibi hakuvaa sawasawa. Kila kundi lilitoka na mawazo yaleyale liliyoingia nayo. Na kwa kuwa taarifa ilisema ni uzembe, hapakuwa na sababu ya kufunika chochote. Walichofanya ni kuwaambia wanawake wawe waangalifu. Mkanda ukaendelea kuzunguka uchi.

Shangazi alirudi baada ya wiki nyingi. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi." Akajibu, "Marahaba mwalimu." Siku zote kabla ya hapo aliniita mwanangu. Hakufinyanga tena, alijaribu mara moja, mkono wa kushoto unazungusha na kigutu cha mkono uliokatwa kinabana, chungu kikapinda, akakirudisha kuwa udongo. Mwenyekiti, ambaye alifungua kila kikao kwa kusema mkono mmoja haulei mwana, alisahau akaisema methali hiyo mbele yake. Shangazi akaitikia kwa kichwa kama wengine.

Lakini darasani alirudi. Alikaa mahali pake pa zamani, mbele kabisa, macho yake kwenye bati lile. Aliandika silabi kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda kichwachini na kulala, na akazinyanyua moja moja. Wengine walikuwa wakisinzia au kutoroka. Yeye hakukosa hata siku moja. Wakati mwingine nilitamani afe, nasema kweli, ili nisione tena kile kichwa kilichotulia kinanisikiliza.

Mwishowe kilichotuokoa ni mbuzi. Mwenyekiti alikuwa na beberu mkubwa aliyezoea kuingia bandani kulamba pumba. Mkanda ulimshika pembe. Beberu akafa, mkanda ukakatika, mashine ikasimama wiki tatu, na mwenyekiti alinuna kama aliyefiwa. Mkanda mpya ulipofika hakuita kikao. Alikuja darasani na fundi mashine na spana, akasema, "Mwalimu, kile chuma tunakitaka." Wakang'oa ubao, wakaubeba, wakafunga nati nne. Ilikuwa kazi fupi, nilihesabu muda kwa treni: ya mizigo ilipita wakianza, ikafuatwa na ya abiria wakiwa wamekwisha kunawa mikono.

Mwenyekiti akaona bati jeusi tupu linapendeza kuandikwa kitu. Akaniagiza niandike kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, maneno aliyoyachagua mwenyewe. Niliyaandika. Sijawahi kuandika vizuri vile.

Siku mashine ilipowashwa tena foleni ilifika barabarani. Shangazi alikuja, kikapu kichwani, mkono wa kushoto umekishika. Wanawake wakampisha. Akakiweka chini, akausogelea mkanda uliofunikwa, akaligusa lile bati kwa kidole cha kati na kuinamisha sikio. Kisha akarudi hatua moja na kuanza kusoma, kwa sauti, kidole kikifuata herufi.

"A-ja-li. Ajali. Hu-le-twa. Huletwa. Na. U-ze-mbe."

Wanawake wakapiga makofi na vigelegele, kwa sababu hakuna mwanafunzi wangu mwingine aliyekuwa amesoma sentensi nzima bila kusaidiwa. Fundi mashine naye alipiga makofi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari. Shangazi akanigeukia.

"Uzembe wa nani, mwalimu?"

Aliuliza kama mwanafunzi anavyouliza, bila hasira, anataka kujua. Watu wote wakanitazama kama walivyonitazama kikaoni. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, neno moja, na nilikuwa na muda wa kulisema, maana injini ilikuwa bado haijawashwa.

"Wa mbuzi, shangazi," nikasema.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama kidogo, jinsi alivyokuwa akikitazama chungu ambacho amekigonga na kusikia mlio wake, kisha akachukua kikapu chake kwa mkono uliobaki, akaenda kusimama mwisho wa foleni.