Faili Ambalo Mama Alinizuia Kulifuta

Mara ya kwanza kompyuta yetu niliiua mwenyewe. Antivairasi ilileta dirisha jekundu lenye orodha ya mafaili, nami nikabofya futa, futa, futa, huku nikijiona mtaalamu wa kanda nzima. Kesho yake ikawaka na kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi, ikagoma hapo hapo. Fundi wa mjini alicheka mpaka akatafuta kiti. Nilikuwa nimefuta vitu ambavyo kompyuta inavitumia kuamka. Aliirudisha, lakini ilibidi asafishe kila kitu, na ripoti za wanachuo zilizokuwemo zikaenda zote.

Wanachuo wa ualimu wanapeana habari haraka. Ndani ya wiki moja hakuna aliyeleta kazi ya kuchapa kwenye kibanda chetu pale Butimba, na mama akarudi kubeba beseni la samaki kichwani, mtaa kwa mtaa. Shingo ikaanza kumuuma. Hakunigombeza hata siku moja, na mimi hilo ndilo lililoniumiza. Afadhali angenigombeza tu.

Ni lazima nieleze kwamba wazo la kibanda lilikuwa lake. Miaka yote niliyomjua aliuza samaki wa kukaanga Kigongo, akiwapitishia abiria waliosubiri kivuko cha kwenda Busisi. Daraja la kuvukia hapo lilipoanza kupitika, foleni ikaisha na wateja wake wakaisha nayo. "Watu hawasubiri maji tena," akasema. "Tuwafuate wanaosubiri vyeti." Hajawahi kugusa kibodi, ila kwenye kubana ripoti ziwe kitabu kwa ile mashine ya pete za plastiki hakuna wa kumfikia.

Taratibu wateja wakaanza kurudi, na beseni likapumzika. Ndipo asubuhi moja, saa nne hivi, dirisha jekundu likatokea tena. Safari hii lilikuwa faili moja, lenye jina ambalo ungedhani kuku amepita juu ya kibodi. Ndani ya mashine kulikuwa na ripoti za watu saba. Nikiharibu tena, kibanda basi, na mama anarudi barabarani na shingo yake ile. Nikiliacha na kumbe ni kirusi kweli, yatakuwa yale yale.

Mama aliiona ile rangi kutoka alipokaa.

"Ni lile lile?"

"Ni lingine, mama. Inasema ni hatari."

"Nani anasema?"

"Antivairasi."

"Na yenyewe huwa haikosei?"

Sikuwahi kujiuliza.

"Toa mkono hapo kwanza," akasema. "Limetoka mwalo gani?"

Nikacheka. "Mama, faili siyo sangara."

"Najua siyo sangara. Angekuwa sangara ningekuuliza wewe?"

Kigongo mama hakununua samaki kwa sababu mtu amepiga kelele kwamba ni wazuri, wala hakuwakataa kwa sababu mwingine amepiga kelele kwamba wananuka. Aliuliza kwanza wametoka mwalo gani, wameshushwa ufuo upi wa ziwa, maana wavuvi wa kila mwalo aliwajua na barafu yao. Halafu alifunua shavu akatazama rangi, akabonyeza mgongo kwa dole gumba. Nikaona, haya, ngoja nifuate njia yake.

Nikatafuta faili linakaa wapi. Lilikuwa ndani ya folda ya mfumo wenyewe, mahali ndugu zake wote wanapokaa. Kirusi hupenda kuazima jina kubwa na kujificha kwingine, kwenye vitu vilivyopakuliwa au kwenye flashi ya mtu. Mama akaniamuru nilisome jina herufi kwa herufi, kwa sauti, kwa sababu nilishamweleza kwamba virusi vingine hubadilisha herufi moja tu. Nikaliandika karatasini ili nililinganishe baadaye. Nikafungua taarifa zake nikatafuta saini ya kampuni iliyotengeneza mfumo. Ilikuwepo, na kompyuta ikasema ni halali. Mtu akiligusa faili hata kidogo, saini hiyo inakataa.

"Sasa kalione la jirani," mama akasema.

Mkabala na sisi kuna kaka mmoja Mjita anayetengeneza simu, na kompyuta yake ina mfumo kama wetu.

"Ee, muuaji amekuja!" akaniambia. "Leo umechinja nini?"

"Bado. Nimekuja kuuliza kabla."

"Kumbe umekua, mdogo wangu!"

La kwake lilikuwa na jina lile lile herufi kwa herufi, folda ile ile na ukubwa ule ule. Akanionyesha pia tovuti ambayo ukiipa faili, inalipitisha kwa antivairasi nyingi kwa mpigo. Nikarudi, nikalipeleka la kwetu. Iliyolalamika ilikuwa moja tu, hiyo hiyo yetu. Nyingine zote kimya.

Kabla ya lolote nikanakili ripoti zote saba kwenye diski ya pembeni, jambo ambalo ningekuwa nimelifanya tangu ile mara ya kwanza kama ningekuwa na akili. Kisha nikaisasisha antivairasi, maana sasa ilionekana yenyewe ndiyo iliyokosea. Ikaomba kompyuta izimwe na kuwashwa.

Nikazima. Mama akasimama nyuma yangu, mkono wake juu ya bega langu, ukinukia sabuni. Nikawasha. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi muda mrefu kuliko nilivyopenda, na vidole vyake vikakaza. Halafu rangi ya bluu ikaingia, na ripoti za watu zikajipanga kama zilivyokuwa. Nikaikagua mashine yote upya. Dirisha jekundu halikurudi.

Mama aliketi akaendelea kubana ripoti aliyoiacha.

Mwanachuo mmoja akachungulia mlangoni. "Shikamoo mama. Nasikia mashine yenu huwa inakula kazi za watu. Siku hizi ni nzima?"

"Marahaba. Muulize mwanangu," mama akamjibu bila kuinua macho. "Anayeijua ni yeye."

Nikamwambia ni nzima, alete flashi yake, ila tutaikagua kwanza.