Gari Lisilokunywa

Akonaay wa Gendabi alikuwa bahili wa dizeli, na waliomcheka ni wajinga. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, bei ya mafuta ilipanda kila tulipogeuka, na pikapu yake kuukuu ilitoa moshi mweusi kutoka Katesh hadi mlangoni kwake. Mkewe, Efrazia, alikuwa mjamzito. Binti yao Marieta alizaliwa salama, lakini wa pili walimpoteza kwa kumzalia nyumbani. Daktari akasema huyu wa tatu azaliwe hospitali. Akonaay akaapa kwamba siku ya uchungu tangi halitakuwa tupu.

Akaenda kwa fundi Hilary. Wakabadilisha nozeli na chujio la hewa, wakajaza matairi upepo, wakang'oa keria na kila chuma kisicho na kazi. Akajizoeza kukanyaga mafuta kwa upole. Moshi ukakatika, na safari iliyokuwa ikimaliza tangi sasa ikawa inabakiza. Furaha ikamshinda, akatangaza kilabuni, "Gari langu halinywi tena."

Heri angenyamaza. Kwa akili zetu, gari lisilokunywa halina sababu ya kumkataa mtu. Tukampakia mahindi, mbuzi, maharusi na wakwe, nauli ikawa asante. Alinung'unika, lakini alibeba.

Akiba ya mwisho ilikwenda na maiti. Mzee Gidahosh alikuja kutoka Dirma. Ndugu yake alikuwa amefia hospitalini Katesh, naye alitaka kumzika bomani kwao.

"Shikamoo, mzee. Dizeli iliyobaki ni ya mama Marieta."

"Marahaba. Nimesikia gari lako halinywi. Utaniacha na marehemu wangu?"

Kwetu maiti haikataliwi, wala mfiwa haulizwi mafuta. Akonaay akaenda, akarudi usiku akipanga kutafuta dizeli kesho yake. Alfajiri Efrazia akashikwa na uchungu. Wakatoka hivyo hivyo, na pikapu ikaishiwa mafuta katikati ya mlima, kabla ya barabara kuu.

Tulikuja wote kusukuma. Kwa nguvu za mikono hatujambo, ila mlima ulitushinda. Wanawake wakaleta mafuta ya taa kutoka kwenye vibatari vyao, wakayamimina tangini. Lakini dizeli ikikauka, hewa huingia kwenye mipira ya mafuta, na gari haliwaki mpaka hewa itoke. Akonaay akainamia injini, akawa anapampu kwa mkono huku analia mbele yetu sote. Nyuma, alikolala Efrazia, wanawake walikuwa wameizunguka pikapu kwa khanga. Inauma kumtazama mtu wa namna ile bila kuwa na la kumsaidia.

Hatimaye injini ikawaka. Akarukia usukani, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Efrazia akamwita kutoka nyuma, kwa sauti ndogo.

"Usikimbize, baba Marieta. Mtoto ameshatuacha."