Mama Alipoulizwa Jina

Mama yangu alikuwa na kaburi lake kabla mimi sijazaliwa. Si kwamba alilijenga mapema kama wafanyavyo wenye nazo. Lilikuwa kaburi lenye mtu ndani, na juu ya msalaba wa saruji limeandikwa jina la mama. Kila mwaka alikwenda kung'oa magugu, mimi nikimbebea jembe, nikiamini aliyelala pale ni mama yangu mdogo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoambiwa ukweli, na niliambiwa kwa sababu ya kanisa. Ndiyo maana nililichukia kanisa lile kabla hata sijaliingia.

Habari yenyewe ni fupi. Walikuwa wasichana wawili, wanafanana shilingi kwa ya pili. Mkubwa alikuwa na akili za darasani. Mdogo, ndiye mama, alifeli. Barua ya mkubwa ya kuitwa chuo cha uuguzi ilifika wakati yeye amelazwa na homa katika hospitali ya mji huu, mji ambamo hakuna aliyewajua. Siku ya nne akafa. Karani alipouliza jina la marehemu, bibi, mjane mwenye barua ile mkobani, alitaja jina la yule aliyesimama pembeni yake akilia. Walipotoka nje alimwambia, "Aliyekufa hasomi. Utakwenda wewe." Mama alikuwa na miaka kumi na saba, na kwao mtoto haulizwi, huambiwa.

Basi alisoma chuo kwa jina la dada yake, akafaulu kwa kichwa chake mwenyewe, maana akili alikuwa nazo, ila zilichelewa kuamka. Akawa mkunga, tena mkunga hodari. Wanawake aliowazalisha walimpenda hata wakawapa binti zao jina lake. Ninaowajua mimi tu ni wasichana kumi na wawili wanaotembea na jina la marehemu mama yangu mkubwa, wakidhani wameitwa kwa mtu aliye hai. Kila mama alipoletewa habari ya wajina mpya alishukuru vizuri, kisha akirudi nyumbani hagusi chakula. Na nyumbani nako bibi alimwita kwa jina lile lile, kila asubuhi, hata mlango ukiwa umefungwa na hakuna wa kusikia. Mimi nilikuwa simjui kwa jina jingine.

Wodini kulikuwa na mama mfanya usafi ambaye wauguzi walimbandika jina la Mama Fagio. Kila asubuhi kabla ya zamu aliwashika mikono na kuwaombea, mmoja mmoja, kwa jina. Wengi waliona kero, wakavumilia kwa sababu hakuna aliyepiga deki kama yeye. Mama alinisimulia kwamba siku moja alipoombewa alihisi maombi yale yanampita ubavuni, yanakwenda kwa mwenyewe, makaburini. Akamvuta Mama Fagio kando, akamwuliza Mungu akimtafuta mtu humtafuta kwa jina gani.

"Sijui, mwanangu," akajibu yule mama. "Mimi nafagia tu. Lakini kama umepotea, njoo Jumapili."

Akaenda. Mwanzoni nilifurahi, maana alianza kula. Akawa anaimba jikoni, vibaya, lakini anaimba. Nikamtania kwamba kanisani lazima kuna mgane mtanashati. Hakucheka. Alisema, "Pale kuna anayeniona. Haoni muuguzi, haoni mtoto wa bibi yako. Ananiona mimi." Sikuelewa, nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa kijana na mambo ya watu wazima yalinichosha.

Miezi sita akahudhuria mafundisho ya ubatizo. Na kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake: anayebatizwa hasemewi. Anashuka kisimani, kile cha saruji nyuma ya jengo, mchungaji anamwuliza yeye ni nani, naye anajibu kwa sauti mbele ya watu wote. Katibu wa kanisa anaandika daftarini alichosikia. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Katibu yule, siku nyingine za juma, alikuwa afisa utumishi wa hospitali.

Wiki ya ubatizo, tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ofisi yake. Kila mtumishi alete vyeti halisi vihakikiwe, mwisho Jumatatu. Atakayebainika kutumia cheti cha mtu mwingine ataachishwa kazi na kufikishwa mahakamani. Ubatizo ulikuwa Jumapili.

Siku tangazo lilipobandikwa, mchana, mama alinikuta nikikunja sare zake, akaniambia yote, amesimama, kama anayetoa ripoti ya zamu. Kitu cha kwanza nilichofanya, nasema bila kuona haya, nilikwenda kutazama cheti changu cha kuzaliwa. Kilisema mimi ni mtoto wa mwanamke aliyekufa miaka minne kabla sijazaliwa. Nilikaa chini sakafuni.

Alhamisi katibu akaja nyumbani. Hakuwa amewahi kuja kabla ya hapo. Alisema anawatembelea wote wanaobatizwa, kuwatia moyo, lakini hakuketi. Alisimama mbele ya picha ukutani, ile ya mama na dada yake wakiwa wasichana, akaweka kidole juu ya kioo.

"Mkubwa ni yupi hapa?"

Bibi alionyesha haraka mno, akamwonyesha asiye mkubwa.

"Aha," akasema katibu. "Na huyu mwingine ndiye aliyefariki. Poleni sana." Kidole kikabaki pale pale. Kisha akamgeukia mama. "Faili lako nimelitoa kabatini, dada. Jumatatu tutalimaliza."

Alipoondoka, kioo kilikuwa na alama ya kidole, nami nikaifuta mara tatu. Bibi alijifungia chumbani na sanduku lake la vyeti. Kuanzia hapo kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu ilinipeleka dirishani.

Jumamosi nilimvaa mama uso kwa uso.

"Si ubatizwe kanisa jingine? Makanisa yamejaa kama vioski!"

"Nikatubu kwa kujificha?"

"Basi litaje jina la mama mkubwa kama kawaida. Mungu anajua nani ni nani, hana haja ya kitambulisho."

"Yeye anajua," mama akasema. "Mimi ndiye nisiyejua. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikimjibia mtu mwingine. Nimechoka, mwanangu. Nataka nami niitwe, niitike."

"Na ukifungwa?"

"Nitafungwa mimi. Sasa hivi aliyefungwa hata simjui."

Nilitamani kumrushia sufuria. Bibi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema jambo moja tu: "Ukilitaja jina lile, umeniua." Kisha akarudi chumbani. Jioni hiyo chakula kilipoa mezani, na hakuna aliyekuja kukiondoa.

Bibi alikuja kanisani. Alikaa kiti cha mbele kabisa karibu na kisima, mkoba magotini, akimkodolea mama macho. Nilijua amekuja kumzuia kwa macho hayo, kama alivyokuwa akimzuia siku zote. Mama alikuwa wa tano. Watu walikuwa wakiimba, kisha wakanyamaza. Maji yalimfika kiunoni, na kanzu nyeupe ilikuwa imejaa hewa ikimzunguka, akawa anaisukuma chini kwa mikono.

"Wewe ni nani?" mchungaji akauliza.

Mama alimtazama bibi. Akamtazama katibu aliyeshika kalamu. Nikamwomba Mungu, mimi niliyekuwa simwombi, amfunge mama mdomo.

Akalisema jina lake. Akasema na la baba yake, kwa sauti ile anayotumia wodini kumwambia mzazi asukume.

Kalamu ya katibu ilisimama. "Rudia," akasema, ingawa si kazi yake kusema.

Akarudia. Mchungaji, ambaye hakujua kitu, alimshika kichwa akamzamisha. Alikaa chini ya maji muda ambao kwangu ulikuwa mwaka. Alipoibuka alikuwa akicheka na kukohoa, maji yamemwingia puani, na sijawahi kuuona uso ule. Mtu yule nilikuwa simjui, nikampenda papo hapo, nikamwogopea kuliko nilivyowahi kuogopa.

Katibu alitusubiri langoni, daftari kwapani. "Nimeandika nilichosikia," alimwambia mama, bila ukali. "Kesho saa mbili, ofisini kwangu. Hatutakuwa wawili tu."

"Nitakuja," mama akajibu.

Tulipofika nyumbani bibi aliingia moja kwa moja chumbani kwake. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akautazama ukuta mpaka jua likaanza kushuka. Mama akampelekea chai, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, kunywa hata kidogo."

Bibi akageuka. Akamtazama, akamwita. Kwa mara ya kwanza masikioni mwangu, alimwita kwa jina lake.

"Abee, mama."

Bibi akatazama nyuma ya mama, kuelekea mlangoni, kama anayengoja mwingine aingie. "Na mwenzako?"

"Dada alikufa, mama. Ulikuwepo."

"Najua alikufa. Sikumlilia hata siku moja. Ningemliliaje, na nilikuwa namwita kila asubuhi?"

Kisha akatoa kilio. Si kile cha mzee anayeumwa. Ni kilio cha msiba, kile cha kuwaita majirani. Mama akamkumbatia, naye akaanza kulia. Haikupita dakika mlango ukagongwa. Wanawake watatu wa nyumba za jirani walikuwa nje, wamejifunga vitambaa vichwani, nyuso zimewashuka.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Mama yangu mkubwa," nikasema.

"Jamani! Lini?"

Nikafungua mlango wote, nikawaambia waingie, nikaenda kuwasogezea viti.