Mzigo wa Bukar Kolo

Mji wa Gamdare una lifida kumi na mbili, na siku hizi kumi na moja kati yake ni magodoro ya sponji. Ya kumi na mbili ni ya Shekarau. Hiyo ni ya sufi, sufi ya kweli iliyochumwa mtini, ikatolewa mbegu kwa vidole na kushindiliwa na wanawake watatu ambao sasa wote wako makaburini.

Lifida ndiyo vazi la wapanda farasi wa Amiri. Ni koti nene lenye viraka vya pembe nne, vyekundu, vya manjano na vyeusi, linalomfunika mtu kuanzia kidevuni hadi kwenye visigino, na farasi naye huvishwa la kwake. Enzi za vita mshale ulikuwa ukifika hapo unapotea kama sindano ndani ya godoro. Vita vilipokwisha vazi likabaki la Idi, na halikupunguzwa hata konzi moja ya sufi, maana watu wa wakati ule hawakuwa wakipunguza vitu. Aliyelivaa hawezi kuinama, hawezi kukaa chini, wala hawezi kujikuna. Na kupanda farasi peke yake ndiko kabisa asikoweza. Kwa hiyo kila mpanda farasi alikuwa na wapandishaji wake wanne, watu wa ukoo mmoja, na kazi ile ilirithiwa kama shamba. Wanne wa Shekarau sasa wamekwisha. Wawili wamekufa, mmoja anauza kadi za simu Kaduna, na wa nne ana ngiri.

Hayo yote Shekarau aliyavumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni karatasi iliyobandikwa kwenye lango la Amiri wiki mbili kabla ya Idi kubwa. Ilisema kwamba mpanda farasi yeyote asiyeweza kupanda mwenyewe bila msaada, siku ya ukaguzi, atakabidhi vazi lake ghalani. Na ghalani alipajua. Makoti ya sufi ya wenzake kumi na mmoja yaliingia humo mwaka uliopita, na kabla mvua hazijaanza yalikuwa yamekatwakatwa na kujaziwa kwenye mito ya nyumba ya wageni. Shekarau aliwahi kulalia mmoja wa mito hiyo, alipokwenda kumsalimu mgeni, na aliapa kwamba aliisikia harufu ya marehemu rafiki yake Barau.

Karatasi ile ilikuwa kazi ya Yarima Mahe, mjukuu wa ndugu yake Amiri, kijana aliyerudi kutoka ng'ambo na shahada ya kuwasimamia watu waliomzidi umri. Alikuwa amekabidhiwa maandamano ya Idi ayanyooshe. Mwaka juzi kuwapandisha wanaume kumi na wawili kulichukua asubuhi nzima, na watu wa televisheni wakakunja nyaya zao wakaenda mji mwingine.

Shekarau alikwenda kumwona. Alichuchumaa mlangoni kwa adabu, magoti yakalia kama kuni.

"Yarima, Mungu akupe umri mrefu. Mtu wa lifida hapandi. Anapandishwa."

"Ndiyo maana tunabadilisha, Baba Shekarau."

"Babu yako alipandishwa."

"Babu yangu hakuwa na televisheni inayomsubiri, Baba." Yarima alikuwa na sauti laini, ile inayotumiwa na madaktari. "Tumekuwekea koti la sponji. Jepesi sana. Utaruka kama kijana."

"Nina miaka sitini na tisa. Nikiruka kama kijana, watu wataniuliza nimekula nini."

"Basi umpe mwanao nafasi."

"Mwanangu ana pikipiki."

Yarima akatabasamu, akatazama simu yake, na mazungumzo yakawa yamekwisha. Zamani mkubwa akitaka uondoke alikuwa akikupa kokwa moja ya goro mkononi, nawe unaondoka ukitafuna. Siku hizi anatazama simu, nawe unaondoka na meno yako matupu.

Shekarau akaamua kujifunza kupanda. Alichagua saa nane mchana, saa ambayo mji mzima umelala kwa joto, akamtoa farasi wake Danda mbele ya nyumba. Danda ni farasi mweusi mwenye soksi nyeupe miguu yote minne, na tabia yake ni kama ya mkwe mwenye heshima: hataki kumgusa mtu. Mkewe Delu alimsaidia Shekarau kuvaa, akimfunga kamba moja baada ya nyingine huku akihema, kisha akaona kinu chake cha kutwangia mtama kimetolewa nje na kupinduliwa.

"Mwenye nyumba," akasema, "hicho ni kinu."

"Najua ni kinu."

"Nauliza tu. Maana huyo farasi nimeshamwona, na wewe nimeshakuona, na kinu changu ndicho kitu pekee hapo kinachotegemewa."

Shekarau akapanda juu ya kinu. Hilo peke yake lilichukua muda wa mtu kunywa kibuyu cha fura. Akashika tandiko. Akanyanyua mguu, au alidhani ameunyanyua, kwa sababu ndani ya sufi ile mtu haoni miguu yake, anaiamini tu. Danda, kwa heshima zake zote, akasogea pembeni hatua moja ili mzee apite.

Shekarau akapita.

Hakuumia hata kidogo, na hilo aliliweka akilini kama ushahidi dhidi ya sponji. Lakini alikuwa chali, mikono imetanda huku na huku, na hakuna kiungo hata kimoja kilichofika ardhini.

Delu alichutama karibu na kichwa chake, akampepea kwa ncha ya khanga. "Mwenye nyumba, umeshafika, au bado unaenda?"

"Tafuta watu wa kuniinua."

"Watu wamelala."

Mtu mmoja hakuwa amelala. Bukar Kolo alikuwa akirudi kutoka soko la karanga, ambako ndiye mkuu wa wapakiaji wa malori, Mkanuri mrefu mwenye chale mashavuni na shingo kama gogo. Shekarau ni Mfulani. Mkanuri na Mfulani ni watani tangu vita vyao vya kale, na kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, naye aliyetaniwa akikasirika hutozwa kondoo. Shekarau alipoiona kanzu ya Bukar ikija, alifumba macho akajifanya maiti.

"Aa," Bukar akasema, akisimama juu yake. "Mtumwa wangu. Kazi zimeisha shambani?"

"Nenda zako, mtumwa."

"Naenda vipi na mali yangu imemwagika barabarani? Mama Delu, salama? Tangu lini huyu yuko hivi?"

"Tangu adhuhuri ilipopita," Delu akajibu. "Anajifunza kupanda farasi."

"Umri huu? Na ukoo wao wanasema wamezaliwa juu ya farasi. Kumbe walizaliwa chini yake."

Lakini alimshika kwapani akamsimamisha, kwa kuvuta mara moja, kama mtu anayesimamisha gunia la karanga. Kisha akamfuta vumbi mgongoni kwa makofi mazito kuliko yaliyohitajika, na wakati anamfuta akasimuliwa habari ya karatasi ya langoni. Bukar aliacha kucheka. Alimzunguka Shekarau taratibu, akiibonyeza ile sufi kwa kidole, jinsi anavyobonyeza magunia sokoni kujua kama yamelowa.

"Watalikata hili?"

"Watalala juu yake. Wageni kutoka Abuja."

"Karatasi inasema bila msaada."

"Bila msaada."

Bukar akakuna chale zake. "Mimi sijawahi kukusaidia maishani mwangu," akasema, akaenda zake.

Ukaguzi ulifanyika siku ya Arafa, asubuhi, katika uwanja wa mbele ya jumba la Amiri. Wale kumi na mmoja wa sponji walikuwa wamejipanga. Walikuwa watanashati, mtu akubali asikubali: miwani ya jua juu ya vilemba, viatu vya mpira vikichungulia chini ya lifida, na upepo ukivuma yale makoti yalipanda juu kama sketi, nao wakayashika kwa mikono miwili. Mmoja baada ya mwingine akarukia farasi wake. Yarima Mahe alikuwa na daftari, akiweka alama. Baba zao walipandishwa kwa ngoma, mji mzima ukiwatazama, na mtu alipotua kwenye tandiko ardhi iliitika. Hawa walitua kama kunguru kwenye waya.

"Baba Shekarau," Yarima akaita.

Shekarau akasogea mpaka kwenye ubavu wa Danda. Kofia ya shaba yenye manyoya ya mbuni ilikuwa kichwani, mkuki mkononi, jasho likimtiririka ndani mahali asipoweza kulifikia. Akasimama. Hakujaribu chochote. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba kama ni kuvuliwa, atavuliwa akiwa amesimama, si akiwa chali mbele ya watoto wa kina Barau.

"Baba, tunakusubiri."

"Subiri."

Kwenye kona ya uwanja ikasikika sauti ya watu wanaoimba ule wimbo wa kupakia lori. Bukar Kolo aliingia na vijana wake sita wa sokoni, mabegani wamebeba mbao mbili na wavu wa kamba za katani.

"Yuko wapi mzigo wangu?" Bukar akauliza, akiutazama uwanja wote isipokuwa Shekarau. "Nimeambiwa kuna mzigo wangu umelala hapa bila kupakiwa."

Yarima akashusha daftari. "Mzee Bukar, leo kuna ukaguzi. Msaada hauruhusiwi."

"Msaada? Nani anamsaidia Mfulani? Yarima, unanitukana. Huyu ni mtumwa wangu, na huyo farasi ni mali ya mtumwa wangu, kwa hiyo ni wangu. Mtu akipakia mzigo wake juu ya mnyama wake, huo ni msaada?"

Watu walianza kucheka. Yarima uso ukambadilika. "Mzee, haya mambo ya utani..."

"Na wewe pia ni Mfulani," Bukar akamkatiza kwa upole. "Mtumwa mdogo, wakubwa wanazungumza."

Kijana wa watu akafungua mdomo. Mlinzi mmoja mzee wa Amiri, aliyevaa joho jekundu na kijani na ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, akamwinamia sikioni lakini akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Yarima, ukikasirika utatoa kondoo. Na kesho ni Idi, kondoo hawashikiki bei."

Yarima akafunga mdomo. Huko ng'ambo walikuwa wamemfundisha kusimamia kila aina ya mtu, isipokuwa mtani.

Bukar akamgeukia Shekarau. Akasogea karibu, akashusha sauti, na watu wote wakanyamaza ili wasikie.

"Sasa, kabla sijapakia. Mimi sipakii mzigo usio na jina la mwenyewe. Watu wanaweza kusema nimeiba. Useme wewe mwenyewe ni wa nani."

"Bukar."

"Sema."

"Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka ziwani."

"Alikuwa anamfuata, kama mtumwa anavyomfuata bwana. Sema, jua linawaka."

Shekarau alitazama mbele. Alimwona Delu miongoni mwa wanawake, khanga mdomoni, mabega yakimtikisika. Aliwaona wale kumi na mmoja juu ya farasi wao, wepesi, wakisubiri. Aliihisi sufi imemkumbatia kifua na mgongo. Maisha yake yote, hata walipokuwa wadogo wakiogelea pamoja mtoni na Bukar akimzamisha kichwa, hakuwahi kulitamka neno hilo.

"Mimi," akasema.

"Sisikii."

"Mimi ni mzigo wa Bukar Kolo."

"Wa Bukar Kolo nani?"

"Bwana wangu. Mungu akulaze njaa."

Wale vijana wakamtupia wavu, wakapitisha mbao, wakahesabu kwa Kikanuri, na Shekarau akanyanyuka kutoka ardhini taratibu, wima, na mkuki wake na manyoya yake ya mbuni, kama minara inavyonyanyuka ndotoni. Kwa kitambo alikuwa juu ya vichwa vya watu wote. Kisha wakamshusha kwenye tandiko, na Danda, ambaye hakupata nafasi ya kusogea, akaguna kwa sauti ambayo uwanja ule haukuwa umeisikia tangu mwaka juzi.

Yarima alisimama muda mrefu na kalamu yake. Daftari lilikuwa na safu mbili tu, amepanda na hakupanda, na ukweli haukuingia hata katika moja. Mwishowe aliandika kitu kirefu pembeni, akapiga mstari chini yake, akaondoka akiwa amekaza midomo asije akatoa kondoo.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, maandamano yakapita mbele ya Amiri. Zamani msifu alikuwa akimjua kila mpanda farasi kwa baba zake saba, na aliwataja bila kuvuta pumzi, mpaka mtu juu ya farasi alilia machozi ndani ya kilemba. Msifu wa siku hizi anasoma kwa kipaza sauti, kutoka kwenye orodha anayopewa na ofisi. Akasoma majina kumi na moja, na wale kumi na moja wakapita, sketi zikipepea. Kisha akasita, akaisogeza karatasi karibu na macho, akaangalia nyuma kama kuna wa kumuuliza, hakuna. Akasoma kama ilivyoandikwa.

"Danda, farasi mweusi. Na mzigo mmoja, mali ya Bukar Kolo wa soko la karanga."

Kicheko kilianzia upande wa Wakanuri kikazunguka uwanja mzima, na wanaosema walimwona Amiri akijifunika kwa kilemba hawasemi uongo. Shekarau aliinua mkuki wake kumsalimu mtawala, sawasawa kama alivyofundishwa, mara tatu, na hakugeuza shingo kumtazama yeyote. Wengi walisema ni kiburi. Ukweli ni kwamba katika lifida ya sufi shingo haigeuki.